Isale la Kapteni

Mpaka leo Winfrida hajamsamehe Eliudi, mtoto wa mdogo wake wa kiume. Kiherehere cha Eliudi ndicho kilichomponza shangazi yake.

Ilikuwa mwaka 1991, serikali imelegeza masharti na watalii wanamiminika Moshi. Kapteni Wetherby hakuja kupanda mlima. Alikuwa na miaka sabini na sita na goti bovu, na alipitia mpaka wa Holili akitokea Kenya, ambako familia mbili zilikuwa zimemfukuza. Alimwambia Eliudi, kijana mwongoza watalii, kwamba anatafuta ndugu wa askari Eliamini wa Old Moshi, aliyekufa baharini mwaka 1944, na kwamba ana kosa la kuombea radhi. Kosa gani, Eliudi hakuuliza. Akakata jani la isale kando ya mfereji akampa.

Huku kwetu anayekuja na isale hafukuzwi. Ukilipokea umesamehe, na ukishasamehe hakuna kurudi nyuma.

Kapteni akaingia uani kwa Winfrida na jani lake. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa alimzidi Winfrida miaka kumi nzima. Winfrida akacheka. Eliudi akamweleza kwamba mgeni anaomba radhi kwa ajili ya Eliamini. Winfrida alijua kaka yake huyo alizama na meli iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani. Huenda mzee huyu ndiye aliyekuwa nahodha wa meli hiyo, na nani amlaumu nahodha kwa kombora la adui? Akalipokea jani kwa mikono miwili, majirani wakishuhudia.

Ndipo Kapteni akaketi, akasimulia, Eliudi akitafsiri. Aliingia shule ya wanamaji akiwa na miaka kumi na mitatu. Alipofika ishirini na tisa alikabidhiwa manowari, kazi yake kulinda meli za askari. Baada ya vita alivishwa nishani, akapanda vyeo, akastaafu kwa heshima zote.

"Meli ya kaka yako haikuwa yangu," alisema. "Ilipozama, mamia walibaki wakielea. Nyambizi ilijificha chini yao. Waliponiona nakuja walishangilia. Walidhani nakuja kuwaokoa."

Akaendelea, lakini Eliudi akanyamaza.

"Tafsiri," Winfrida alisema.

"Shangazi, tuyaache."

"Nimesema tafsiri!"

"Anasema... aliamuru mabomu yatupwe palepale walipokuwa."

Winfrida akasimama na jani mkononi. Miaka arobaini na saba alikuwa akiwalaani Wajapani peke yao! Alitamani amrushie Mzungu yule jani lake usoni. Majirani walikuwa wanamkodolea macho.

"Mwambie nimemsamehe," alisema. "Mimi sili matapishi yangu. Ila si mimi niliyekuwa majini. Waliomshangilia, akawaombe wenyewe."

Eliudi akatafsiri. Kapteni akauliza kwa sauti ndogo atawaombaje.

Winfrida aliingia ndani, akafunga mlango, akamlilia Eliamini kwa sauti, kama vile taarifa ya msiba imefika asubuhi ile.