Nukta ya Rangi ya Kucha

Kufunua mabati ni kazi ya mgongo, mtu asikudanganye. Watu wakisikia natafuta nyoka wanadhani ni ushujaa, wananikagua mikono wakitafuta makovu. Makovu sina. Nina magoti. Nikipanda kilima asubuhi yanalia kama kitanda cha wageni, na nikishuka yanalia zaidi.

Kazi yenyewe ni hii. Unalaza mabati chakavu juu ya nyasi. Sisi tulilaza sitini, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Jua likipanda bati linashika joto, na nyoka, mijusi na guruguru wanakuja wenyewe kujilaza chini yake. Wewe unapita mara mbili kwa wiki, mapema, kabla bati halijawa kikaango. Unashika ukingo wa mbali kwa kulabu na kuliinulia upande wako, ili kama kuna kifutu, bati liwe katikati yenu. Unatazama, unaandika, unamtoa mnyama pembeni. Unalaza bati kwanza, ndipo unamwachia aingie mwenyewe, maana ukimrudisha yeye kwanza halafu ukashusha bati, umemuua. Kisha unakwenda linalofuata. Mara nyingi hakuna kitu, unaandika sifuri. Miaka kumi na tisa nimeandika sifuri nyingi hadi ofisini wananiita Mama Sifuri, na mimi naitika, kwa sababu sifuri yangu ni sifuri. Sijawahi kuongeza hata mjusi mmoja.

Safari hii tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Nilimwombea kazi mimi mwenyewe, kwa kuwa anaandika vizuri na haogopi nyoka, na kwa kuwa nyumba yake iko chini ya kilima hicho hicho. Hakuna aliyeuliza kama hilo la mwisho lilikuwa jambo la busara. Nami sikujiuliza.

Mwenye kazi ni Daktari. Si daktari wa watu, ni wa nyoka. Ukimwonyesha jipu anakwambia nenda hospitali. Alikuwa anamtaka nyoka mmoja tu, nyoka wa kokoto, kidude cha kahawia chenye unene wa penseli, hakina sumu wala hakina habari na mtu. Kampuni moja ilikitaka kilima ikivunje ipate mawe. Wakubwa wakakubaliana: kwa miezi sita, tukipata nyoka wa kokoto kumi tofauti, kilima kinaachwa kama kilivyo. Chini ya kumi, baruti, na nyumba saba za chini zinaondolewa. Ya wifi ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, ukuta wake wa nyuma umeegemea mwamba.

Nyumba ile kaka yangu aliijenga chumba kimoja kimoja kwa miaka kumi na miwili. Mlango wa jikoni aliutia kwa mikono yake, ukapinda, na hadi leo ukiufungua unakwaruza sakafu mpaka meno yanakufa ganzi. Nimeshamwambia wifi mara ngapi aite fundi. Hataki mtu auguse.

Basi, kila nyoka wa kokoto lazima atiwe alama, asije akahesabiwa mara mbili. Daktari alitupa kimkasi kidogo, tukate ncha ya gamba moja la tumboni, kila nyoka gamba lake. Wifi alimshika wa kwanza, akakitazama kimkasi, akamtazama nyoka, akakiweka kimkasi chini. Alisema hawezi kumkata kiumbe ambaye hajamkosea. Akatoa mkobani kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akamtia nukta moja karibu na mkia. Nyoka akaenda zake na urembo wake.

Mimi nilicheka. Nikasema haya, ilimradi tukimwona tena tumjue. Daktari hatukumwambia. Na mtu aliyeshika nyoka miaka kumi na tisa, anayejua nyoka anakula nini na analala wapi, akasahau kwamba nyoka hujivua gamba. Sina cha kujitetea. Nilikuwa nimechoka, na rangi ya kucha ilikuwa rahisi kuliko kugombana na wifi asubuhi asubuhi.

Miezi ikaenda. Mwenye nukta tukimkuta hatumwandiki. Asiye na nukta tunamwandika mpya na kumpaka. Wa pili, wa tatu, kisha kimya cha wiki nyingi, kisha wa nne, wa tano. Mimi kazi yangu kulabu, yeye daftari na kichupa. Kadiri magoti yalivyozidi kunitesa ndivyo nilivyopunguza kuinama. Naliinua bati, nalishikilia, nauliza kuna nini, ananijibu. Akisema nyoka wa kokoto, wifi, mpya huyu, mimi nasema mpake. Mara nyingine nilikuwa nimefumba macho. Akili yangu yote ilikuwa nyumbani, kwenye beseni la maji ya moto.

Alipofika wa kumi, wifi alikaa chini kwenye majani akalia. Nami nikamshika bega, nikamwambia mlango wako utakwaruza mpaka tuzeeke. Siku ile nilikuwa na furaha, nakiri. Nilishuka kilima sikusikia goti.

Siku ya mwisho tulikuwa na kumi na mmoja. Daktari alikuwa aje saa tisa achukue daftari, tutie sahihi wote wawili, mambo yaishe. Nikamwambia wifi tugawane tumalize upesi, yeye aanze juu, mimi chini. Kwa hiyo bati namba kumi na saba nililifunua peke yangu, na ilinibidi niiname mwenyewe.

Hapakuwa na nyoka. Palikuwa na gamba alilojivua, zima, limenyooka, jepesi kama ganda la kitunguu. Karibu na mkia kulikuwa na nukta nyekundu.

Nilichuchumaa pale muda mrefu, hata magoti nikayasahau. Kwanza nilijiona mjinga, mjinga wa kupigwa picha na kutundikwa ukutani. Kisha nikaanza kuhesabu. Kila aliyejivua gamba aliacha nukta humo humo akatoka msafi, na sisi tukampokea kama mgeni. Kumi na mmoja wetu wangeweza kuwa saba. Wangeweza kuwa wanne. Nikalikunja lile gamba taratibu nikalitia mfukoni.

Nikamsikia wifi anaita kutoka juu. Nikapanda. Alikuwa amempata mwingine chini ya bati la thelathini na moja, anang'aa kama amepakwa mafuta, hana alama hata moja. Alikuwa na mkia mfupi, umekatika ncha. Wifi alikuwa ameshafungua kichupa. Alisema huyu ni wa kumi na mbili, wifi, wa nyongeza, ili kampuni isipate pa kushikia.

Nikamwomba daftari. Kwa kawaida silisomi, mwandiko ni wake. Wa pili: mkia mfupi. Wa tano: mkia umekatika. Wa tisa: mkia butu. Nikatoa gamba mfukoni nikalilaza juu ya ukurasa, nukta ikiwa juu.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililoniuma. Alilitazama gamba vile mtu anavyoitazama barua aliyokwisha kuisoma.

"Ninayo manane kama hilo nyumbani, wifi," alisema. "Nimeyatia kwenye kopo la majani ya chai. Sikuweza kuyatupa."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa pili wa kazi. Nikamuuliza ni wangapi basi, wa kweli. Hakufikiri hata kidogo. Watatu, alisema, wifi, ni watatu tu. Kuna huyu, Kibutu, na kuna mwembamba mmoja anayependa mabati ya juu, na kuna mama mmoja mnene. Alikuwa anawajua mmoja mmoja, kama majirani. Kibutu alikuwa bado mkononi mwake, amejizungusha kwenye vidole, ametulia.

Nilimwuliza alidhani mimi ni nani, afanye hivyo mbele ya macho yangu.

"Nilidhani unajua," alisema. "Ulikuwa unafumba macho, wifi. Kila nikisema mpya, unafumba macho, unasema mpake. Nikasema moyoni, huyu ndiye ndugu. Ananiokolea nyumba ya kaka yake na hataki hata tulizungumze."

Ningemwambia nini, kwamba nilifumba macho kwa sababu ya magoti? Kwamba wakati yeye ananiita ndugu moyoni, mimi nilikuwa nawaza beseni? Tulilaza bati, akamwachia Kibutu pembeni, akaingia. Hakumpaka. Tukamaliza yaliyobaki, sifuri, sifuri, mjusi, sifuri.

Saa tisa Daktari alikuwa ofisini, chumba kimoja chenye meza mbili na feni isiyozunguka. Naye alikuwa hoi, mwezi mzima alikuwa vikaoni akikipigania kilima chetu. Alipekua daftari, uso ukamkunjuka. Kumi na mmoja, alisema, mmefanya kazi, kina mama. Akaligeuza upande wangu, akaniwekea kalamu juu yake. Wifi alikuwa amesimama dirishani anatazama nje, mkoba kaukumbatia.

Nimewahi kuchoka, lakini si kama saa ile. Kusaini kulikuwa kwepesi kuliko kitu chochote duniani. Jina langu lina herufi saba. Ningesaini, ningerudi nyumbani, ningetia maji kwenye beseni, na mlango wa jikoni ungeendelea kukwaruza. Hakuna ambaye angejua, na nyoka hawangesema.

"Ni watatu," nikasema.

Daktari akadhani amesikia vibaya. Nikamweleza yote, kimkasi, rangi ya kucha, magamba. Nilisema sisi, tulifanya, tulisahau. Kopo la majani ya chai sikulitaja. Hapo nilijiona nimemwonea huruma wifi, kumbe huruma gani hiyo, nimemnyang'anya nyumba nimemwachia kopo. Daktari hakugomba. Alivua miwani, akajisugua macho, akachukua rula, akapiga mstari kwenye ile kumi na moja. Alisema kwa watatu hana la kuwaambia wakubwa.

Watu wameniambia nilifanya jambo la haki. Sijui. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na hadi leo siwezi kuapa kama nilisema kwa sababu ya ukweli, au kwa sababu nilikasirika kwamba alinidhania mwongo mwenzake. Au labda niliona haya, kwamba aliniheshimu kwa wema ambao sikuwa nao. Kilichonitoka mdomoni kilinitoka, na yeye hakugeuka kutoka dirishani.

Jioni nilikwenda kwake. Nilimwambia chumba changu cha nyuma kipo, nitatoa vitu, kina dirisha zuri. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa maji ya kunywa. Alisema asante, wifi. Alikwenda jikoni mara mbili nikiwa pale, na mara zote mbili mlango ulikwaruza, nami nikabaki natazama glasi.

Siku kumi na sita baadaye tulirudi kilimani kuondoa mabati. Ilikuwa sehemu ya kazi, na yeye ni mtu wa kumaliza kazi. Kampuni ilikuwa imeshachomeka vijiti vyenye vitambaa vya rangi huku na huko. Tulianzia chini, tunafunua, tunabeba sote wawili, tunapanga kando ya njia. Kila tulipoondoa bati palibaki mraba wa nyasi za manjano.

Chini ya bati la thelathini na moja alikuwepo Kibutu. Wifi alimtoa pembeni kama kawaida, akamfunika kwa kiganja, akanitazama, akingoja nilaze bati kwanza. Mazoea hayo. Mimi nami nilikuwa nimeshaanza kuliinamisha. Tukakumbuka wote kwa pamoja kwamba bati halirudi.

Akaondoa kiganja. Kibutu akaenda moja kwa moja hadi kwenye nyasi za manjano, akafika pale ukingo wa bati ulipokuwa, akasimama. Akazunguka. Akarudi tena pale pale, anatafuta pa kuingilia.

"Fungasha na wewe," wifi alimwambia. "Wanakuja Jumatatu."

Alisema kwa upole, kama anavyosema na mtu wa nyumbani. Kisha akafuta mikono kwenye nguo, akainama, akashika ncha ya bati.

"Shika huko," akaniambia.

Miaka ishirini na sita hajawahi kusema nami sentensi moja bila kuniita wifi. Nikangoja kidogo, labda neno hilo limechelewa tu. Halikuja. Nikashika upande wangu, tukaanza kushuka.