Sauti ya Pili

Kwa miaka thelathini mjomba alikuwa akimwambia mama kwamba hayumo kwenye wimbo wake mwenyewe. Waliurekodi ujanani: mjomba kwenye gitaa, akiitwa Waya kwa wembamba aliokuwa nao, na mama sauti ya pili, kasimamishwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa studio. Kila wimbo ule ulipopigwa mama alisema, "Hapo ni mimi," na mjomba akacheka mpaka miwani ikamteleza. Alidai fundi mitambo alizima maikrofoni ya mama, na kile kisauti chembamba ni cha mpiga ngoma. Shahidi wake alikuwa sabufa yake, dude kubwa kama kabati la vyombo, linalotikisa vikombe na kumeza maneno.

Miaka ya karibuni mama hakubisha tena. Wimbo ukianza, alinyanyuka akaenda jikoni. Hilo ndilo lililonichoma.

Mimi nahariri matangazo ya redio. Kazini nasikilizia spika za studio, zile ambazo kila moja ina amplifaya yake tumboni na waya wake wa umeme. Hazimpambi mtu. Ukivuta pumzi vibaya, zinakusema. Nikanunua jozi, nikaileta sebuleni kwetu.

Mjomba alipokuja Jumapili aliuliza kama zile ni spika au mikebe ya maziwa. Akasema nimesomea sauti miaka miwili nikahitimu uziwi. Kisha, kwa kuwa hakuna kitu kinachopangwa nyumbani kwetu bila mkono wake, akazibeba mwenyewe akazipandisha juu ya kabati, pembeni, zikiitazama dari. Ndivyo anavyoweka spika zake zote.

Nikazishusha. Nikaziweka juu ya stuli mbili, mbali kidogo na ukuta, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Mama ni fundi cherehani. Nilichukua tepu yake ya kupimia nguo nikahakikisha kwamba nafasi kati ya spika na spika ni sawa na nafasi kutoka kila spika hadi kwenye kiti kimoja, katikati.

"Kaa hapa, mama."

Mjomba akakikalia yeye.

Nikauwasha wimbo.

Mwanzoni alilalamika kwamba besi imekwenda likizo. Halafu akainama mbele, akitega sikio. Ngoma ilikuwa mahali pake, mwimbaji mahali pake, na kati yao palikuwa na hewa, kana kwamba mtu kafungua dirisha. Mama alikuwa kafika mlango wa jikoni. Ubeti wa pili ukaisha, zamu ya gitaa ikafika, na gitaa halikuingia.

Lile pengo sabufa ilikuwa ikilijaza ngurumo miaka yote. Sasa lilikuwa tupu. Na ndani yake, kutoka mbali, karibu na mlango wa studio ile, msichana akanong'ona, wazi kabisa:

"Waya, ingia."

Gitaa likakurupuka. Na msichana yuleyule, bila kupoteza hata pumzi, akapanda na sauti ya pili.

Mjomba alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

"Ulikuwa umesinzia," mama akasema. "Nikakuamsha. Sasa toka kwenye kiti changu."

Akatoka. Mama akakaa, akaniambia niurudishe mwanzo, sauti juu. Safari hii alijiimbia mwenyewe, mzee na msichana pamoja, miguu ikikanyaga sakafu kama inayoendesha cherehani, na wala hakutazama jikoni. Tuliupiga mara sita. Jirani aligonga, nilidhani kaja kulalamika, kumbe alitaka kujua nani anaimba.

"Mimi," mama akamjibu.

Jioni mjomba aliniita barazani. Alisema nimemvunjia heshima mbele ya dada yake, kwamba mtoto mwenye adabu angezima pale gitaa lilipochelewa, na kwamba anasubiri niombe radhi.

"Shikamoo yako utaipata kila siku, mjomba," nikamwambia. "Samahani hutaipata."