Chokaa Yenye Chumvi

"Polepole, Tata Adalbert," Delphine alisema kutoka chini ya ngazi. "Ule njo bwana yangu unakwangula."

Adalbert hakugeuka. Mvua ilikuwa imepenya ukuta wa kanisa la cité, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, chokaa ikabanduka, na mkono mweusi ulioshika msalaba ukachungulia. Padri mpya alifurahi kama aliyeokota dhahabu, akaagiza fundi aifunue picha yote. Hakujua kuwa fundi huyo ndiye aliyeifunika.

Mwaka 1934 Kasonde, mchimba shaba, alimchora pale Yesu akianguka na msalaba: Yesu mweusi, kibati cha namba ya mgodi shingoni, askari wa kofia nyekundu akimwinulia kiboko. Hakuzidisha hata unywele. Sura alimpa yake mwenyewe. Kwa hilo serikali ya wazungu ilimhamishia mbali, akafia huko, na sisi tukaendelea kuimba Kyrie mbele ya ukuta mweupe. Picha nyingine ya mumewe Delphine hana.

Kabla ya kupandishwa kwenye gari, Kasonde alimnong'oneza rafiki yake Adalbert, aliyekuwa ameagizwa kuifunika picha: "Tia kwanza uji ya muhogo, njo chokaa juu. Siku moja itatoka yenyewe, sawa ngozi ya nyoka."

Kila fundi anajua: uji huitenga chokaa na rangi, chumvi huifanya iiume. Adalbert aliahidi. Lakini padri wa wakati ule alisimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama ndoo tu. Na Adalbert, bila kuamriwa na mtu, akaacha uji, akatia chumvi konzi mbili. Kazi ya kanisa ikawa yake miaka kumi na tisa.

"We ulitia uji, si vile?" Delphine aliuliza. "Kila Pasaka ulikuwa unaniambia."

Kisu kilifika usoni, kikakwama. Aliloanisha, akangoja, akasukuma. Kipande kipana kama kiganja kikaanguka. Pale ukutani, tofali tupu.

"Shemeki," alisema, "mi nilitia chumvi."

Delphine hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliokota kile kipande, akakigeuza. Rangi ilikuwa imeng'ang'ania chokaa: jicho moja na nusu ya mdomo, vimepinduka kama kwenye kioo.

"Shuka," alisema. "Usiguse tena."

Akaketi kwenye benchi la wanawake, kipande juu ya kikwembe chake, jicho likitazama juu. Adalbert alibaki ngazini, mikono myeupe hadi viwikoni, akitafuta pa kuifutia.