Mlio Mmoja wa Saa Kumi

Mtaani walimwita Mama Bana, na jina likamkaa. Alikuwa fundi cherehani mwenye chumba kimoja, na humo ndani hakikutupwa kitu. Vipande vya sabuni vilivyobaki alivitia kwenye soksi kuukuu akafulia. Kola iliyochakaa aliifumua, akaigeuza, shati likarudi kuvaliwa. Tangu afiwe na mumewe alikuwa na lengo moja tu: binti yake wa pekee amalize chuo bila kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Simu nayo aliiwekea sheria. Kila siku saa kumi jioni binti alibipu mara moja, maana yake yu mzima. Mama alikata, maana yake ameona, naye mzima. Ujumbe ulikuwa wa mambo ya ada tu. Hivyo ndivyo mwaka na nusu ulivyokatika, na wote wawili walikuwa wazima kila siku saa kumi.

Likizo binti alibaki bwenini ili nauli isiliwe barabarani. Wazo lilikuwa la mama. Hakujua kwamba yeye ndiye angejikuta anapika sufuria ya watu wawili, kisha anakula kiporo siku ya pili.

"Mwite mtoto aje, wewe," shoga yake, muuza mboga wa mlango wa pili, alimwambia chuo kilipofungwa tena. "Unaongea na hicho cherehani mpaka nakuonea huruma."

"Cherehani hakili."

"Wala hakikuiti mama."

Mama Bana alicheka kwa pua, akakata uzi kwa meno. Lakini nyuma ya mlango, kwenye msumari, lilining'inia gauni alilomshonea binti kwa vipimo vya mwaka juzi. Hakuwa na vipya. Pindo alikuwa hajalishona, na kila alipolitazama alitamani kumsimamisha mwanawe pale katikati ya chumba ampime.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ililia. Binti. Mama akasubiri inyamaze, haikunyamaza.

"Huyu vipi? Saa nne hii!" Akakata.

Ikalia tena. Akakata tena.

"Si upokee?" muuza mboga alisema kutoka mlangoni.

"Nipokee salio lake liishe? Kidole kimemteleza tu."

Mara ya tatu aliiwahi hata haijalia vizuri, akajiona mjanja.

Adhuhuri ukaingia ujumbe. "Mama, baba wa rafiki yangu alikuja kumchukua na gari, wanapita huko kwetu. Nafasi ilikuwa moja, bure. Ila nauli ya kurudi ningekuomba wewe, ndiyo nikapiga nikuulize. Ulipokata mara tatu nikaelewa. Wameshaondoka. Usijali, unga ninao."

Aliusoma amesimama, mkasi mkononi. Akausoma tena. Kisha akafungua kopo la akiba, akaenda dukani kununua vocha.

"Mama Bana na vocha!" muuza mboga alishangaa. "Kuna msiba?"

Mama Bana alikuwa tayari anaikwangua.

Alipiga. Ikalia mara moja, ikakatwa. Alipiga tena, ikakatwa. Akabaki anaikodolea macho. Mtoto alikuwa mtiifu, na aliyemfundisha ni yeye. Mara ya tatu simu ya binti ilikuwa imezimwa. Hilo nalo lilikuwa funzo la mama, la kutunza chaji.

Akaandika kwa kidole gumba chenye alama za sindano: "Njoo. Nauli ipo ya kuja na kurudi. Nikipiga pokea. Nataka kukupima." Akatuma. Akaweka simu juu ya meza ya cherehani, akakaa. Suruali ya mteja ilimsubiri magotini, hakuigusa. Muuza mboga alipita akachungulia, akaona uso wake, akaenda zake bila utani.

Saa tisa na nusu aliishika simu, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kupokea. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana anayeposwa.

Saa kumi kamili ikalia.

"Haloo! Haloo, mwanangu!"

Lakini binti alikuwa mwepesi, kama alivyofundishwa. Mlio ulikuwa mmoja tu, na ulikwisha kabla kidole hakijabonyeza.