Kigaga cha Ziwani

Mzee ambaye Tusajigwe hakumfahamu aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaweka mezani kipande cha gome la mti kilichofungwa kwa jani la mgomba, kwa uangalifu wa mtu anayemfikisha mgonjwa zahanati.

"Wameniambia hapa Bondeni yupo binti anayejua magonjwa ya kokoa."

"Ndiye mimi, baba. Tusajigwe. Karibu uketi."

"Sikai. Naitwa Andongwisye, natoka Ngana. Simu imeniambia miti yangu ina kigaga cha ziwani, nikate nichome. Nimeshakata kumi na mmoja. Kabla sijamaliza iliyobaki, nikasema nimuulize mtu mwenye pua."

Tusajigwe alifungua jani. Aliyaona mabaka meupe, na furaha ikampanda kifuani kabla hajapata nafasi ya kuionea haya. Mtego ulikuwa umenasa.

Kigaga cha ziwani hakikuwepo popote duniani. Alikitunga yeye. Miaka miwili yeye na Godwin, aliyesoma naye chuo kimoja, walikuwa wametembea mashamba yote hadi Matema wakipiga picha za kokoa, ili waifunze akili mnemba kuyatambua magonjwa. Kampuni yao changa ilikuwa na meza moja na matumaini mengi. Godwin alipoanza kupokea simu zake nje ya mlango, Tusajigwe alihisi atamwibia, akachukua picha thelathini za mabaka yasiyodhuru, yale yanayoota kwenye gome la mti wowote mzee, akayabandika jina la uongo. Kwenye nakala yake mwenyewe ya programu aliziondoa. Mwezi uliofuata Godwin alitoweka na picha zote, akarudi Kyela na kampuni yenye jina lake peke yake.

Kesho yake, Jumamosi, saa tatu asubuhi, wote wawili wangesimama mbele ya viongozi wa ushirika, na programu moja ingechaguliwa kwa wakulima wote wa wilaya. Tusajigwe alikuwa na swali moja tu: Godwin, hebu waeleze wazee kigaga cha ziwani ni nini. Alikuwa amelirudia mbele ya kioo hadi sauti ikaacha kutetemeka. Usiku alilala akiutazama uso wa Godwin ukisawijika, akaamka ameshiba.

Lakini hakuwahi kuandika tiba. "Kata, choma" ilikuwa imejazwa na mashine ya Godwin yenyewe, mashine iliyoona heri kubuni kuliko kunyamaza.

"Usikate tena, baba," alisema.

"Kwa nini?"

Alilifunga tena lile jani. Kutoa sababu kulikuwa kuutegua mtego.

"Mimi naweza kukusikia," mzee alisema. "Ila majirani wanne simu zao zimewaambia hivyohivyo. Kesho saa tatu wanakuja na mapanga, tunaanza kwangu tunazunguka. Hao hawasikii neno la kupelekewa. Uje ulisemee mwenyewe."

"Nitafika kabla hawajaanza."

"Vijana wa kompyuta mnaahidi sana."

"Naahidi, baba."

"Ndaga," mzee alimshukuru kwa Kinyakyusa, akaondoka.

Asubuhi Tusajigwe alivaa gauni la ukumbini, kisha akapanda bodaboda ya kwenda Ngana. Njia nzima alimchukia Godwin, akajichukia na yeye kwa kupungukiwa na ukatili siku aliyouhitaji zaidi. Aliposhuka kando ya shamba alimpigia simu.

"Godwin, toa kigaga cha ziwani kwenye programu yako. Sasa hivi."

"Salamu hakuna? Kina nini?"

"Hakipo. Nilikitunga kwa ajili yako."

Nyuma ya Godwin zilisikika kelele za viti vikipangwa.

"Tusa, ungeniumbua leo mbele ya ushirika mzima. Mbona unaniambia?"

"Kwa sababu anayekata miti yake si wewe."

"Kwa hiyo huji?"

"Niko Ngana. Kitoe."

Akakata simu. Alijua angekitoa ndani ya robo saa, tena angesimama mbele ya viongozi akiwa msafi kama kanzu ya Idi.

Majirani walikuwa wameshafika, mapanga mabegani. Aliwaeleza yote: picha, jina, sababu. Hakujipunguzia. Mama mmoja mwenye kitenge kiunoni alimtazama toka juu hadi viatu.

"Yaani mlikuwa mnagombana huko kwenye makompyuta, mkampiga mzee wa watu?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo mwenzako?"

"Yuko mjini, mbele ya viongozi wa ushirika. Anashinda."

Mama akacheka kicheko kikavu, akashusha panga. Wengine nao wakashusha, mmoja baada ya mwingine, wakitazama pembeni kama watu waliokutwa wakisikiliza ugomvi wa nyumba nyingine.

Andongwisye hakumlaani, wala hakusema amesamehe. Alimwita mkewe alete chai, kikombe kimoja zaidi, kisha akamwelekeza Tusajigwe kwa kidole kule shamba lilikokuwa wazi kwa jua.

"Chagua kisiki uketi," alisema. "Vipo kumi na kimoja."