Doa Jekundu kwenye Migebuka

Soko la Mpanda lilikuwa ndio kwanza linachangamka Kasilda alipofunua kapu lake mezani. Mifuko yote kumi na minane ya migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa imetoka jasho kwa ndani. Lile doa la duara pembeni ya kila mfuko, jana kijani, leo jekundu.

Jekundu maana yake samaki kaharibika. Ndivyo walivyofundishwa kwenye semina: mfuko wa wanga wa mahindi, ukitupwa shambani unaoza, na una akili, unasema wenyewe.

Kosa lilikuwa la jana jioni. Migebuka ya moshi hulazwa kwanza kwenye chanja ipoe, ndipo ifungwe kwa jani la mgomba. Kasilda alimwomba afisa wa mradi, Cleophas, amwachie hadi asubuhi. Cleophas akasema mgeni rasmi wa mradi anaingia saa nne asubuhi, na asiye na mfuko mpya meza yake anapewa mwingine. Kasilda akafunga samaki wangali moto.

Cleophas huyuhuyu, mwaka ule wa kupigwa marufuku mifuko ya plastiki, aliwapora mifuko yao hapahapa. Waliporudi kwenye majani, akayaita uchafu. Wenye meza hawajasahau.

Sasa akapita, koti limembana. Akaona madoa.

"Mama Rahel, geuza hiyo. Doa litazame ukutani."

"Wameoza, bwana."

"Kwani nani anakula? Haya ni maonyesho. Au meza umeichoka?"

Jirani yake Dorika, muuza mchele wa Majimoto, akamnong'oneza ageuze tu, amfikirie mwanawe Rahel na shule. Meza ile ndiyo iliyokuwa ikimsomesha. Kasilda akageuza, mmoja mmoja.

Mgeni akafika na wapiga picha. Akasifu teknolojia. Kisha akachagua mfuko ulionona, akampa dereva wake: wa watoto nyumbani. Cleophas akapiga makofi.

Kasilda akamshika dereva mkono, akaugeuza mfuko.

"Soma hapa, mheshimiwa. Mfuko umesema tangu asubuhi. Aliyeambiwa anyamaze ni mimi."

Makofi yakakatika. Mgeni akaurudisha mfuko mezani kwa vidole viwili, akaelekea kwenye gari.

Kabla ya adhuhuri Cleophas alikuja na kitambaa kibichi, akafuta namba ya meza iliyoandikwa kwa chaki. Kasilda hakumwomba. Alikwenda kumwaga migebuka shimoni, akarudi na mifuko mitupu, akaitundika yote kumi na minane kwenye waya juu ya meza iliyokuwa yake, madoa yakitazama njia.

Mpaka soko linafungwa, hakuna aliyeigeuza.