Kahindi Alipotazama Chini

Mimi ni fundi wa makubadhi hapa Kibokoni, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa refa wa ndondi. Nasema nilikuwa. Watu wa baraza letu wakinitaja wana neno moja tu: Taib ana haraka. Khubaib, ambaye maishani mwake hajavaa glovu wala kurushiana mto na nduguye, alinambia mbele ya wenziwe, "Wewe sinia la kahawa likiteleza, unalisimamisha kabla halijamwagika." Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilimkasirikia.

Ni kweli, nilikuwa nikisimamisha mapema. Zamani nilimwacha bondia mmoja amalize raundi kwa kuwa ukumbi mzima ulitaka hivyo, na leo mtu yule ananyweshwa chai na mkewe. Tangu hapo nikayaamini macho. Bondia akianguka akainuka, namtazama machoni. Macho yakinikimbia, pambano limekwisha.

Basi alasiri moja ya mwaka wa tisini na sita, katika ukumbi mmoja wa Mbaraki, Kahindi alikuwa akipigania nafasi ya kwenda Nairobi kwenye mchujo wa timu ya taifa. Alikuwa mchukuzi wa bandarini, miaka thelathini na mbili, na kocha wake alikwisha kumwambia kuwa hii ndiyo ya mwisho. Raundi mbili alizichukua yeye. Katika ya tatu, ngumi ya kushoto ilimkuta kidevuni, akaketi. Nikaanza kuhesabu, na ukumbi ukanyamaza masikioni mwangu kama ninapopiga mbizi. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa dirisha, polepole, na vidole vyangu navyo vikafunguka polepole. Nilipofika sita alikuwa amesimama, mikono juu. Nikafika nane, nikamuuliza, "Uko sawa?"

"Niko sawa, mzee," akasema, na macho yake yakashuka sakafuni.

Nikapunga mikono kulisimamisha pambano. Kahindi aliusukuma mkono wangu, mara moja tu, kisha akaenda zake konani. Kelele zikanirudia zote kwa pamoja.

Miezi mitatu nilishona viatu huku hesabu ile ikiendelea kichwani, na tisa haifiki. Nikikata ngozi, naliona vumbi lile likielea. Nikitia gundi, nayaona yale macho yakishuka, yakishuka, wala hayafiki chini. Siku moja mke wangu Mwanakuu alinikuta nimeshona makubadhi mawili, yote ya mguu wa kushoto.

"Taib," akasema, "mato yako yaonaje siku hizi?"

Ndipo asubuhi moja Kahindi akabisha hodi dukani kwangu, na mfuko wa korosho mkononi. Akanipa shikamoo, akabaki mlangoni akikitazama kizingiti.

"Nimetumwa na mama," akasema. "Nilikusukuma mkono mbele za watu. Mama asema mtu akimkosea mzee na asipokwenda kuomba radhi, mambo yake hayanyooki. Nisamehe, mzee."

Niliona haya. Mtu niliyemnyima Nairobi ananiletea korosho.

"Nimekusamehe, mwanangu. Ndoo, ingia ndani. Kazi bado wafanya?"

"Nafanya, lakini ya chini. Juu ya makasha sipandi tena. Watu wote wasema Mzee Taib ana macho, akisimamisha basi ameona kitu. Mimi sikusikia chochote mwilini. Lakini wewe uliona, na tangu siku ile najiogopa. Uliona nini, mzee?"

Swali hilo baraza zima halikuwahi kuniuliza. Nikamwambia nitamjibu, lakini kwanza avue viatu nimpime, nimshonee makubadhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikitafuta muda.

Kupima kwangu ni kwa kizamani. Mteja husimama juu ya kipande cha boksi, nami hupiga magoti nikauzungusha mguu kwa penseli. Mguu wa Kahindi ulikaa imara, haukutikisika hata kidogo. Hapo nikaikumbuka miguu yake siku ile ulingoni, mmoja mbele mmoja nyuma, visigino juu, magoti yamekunjwa tayari kuendelea na pambano. Nilikuwa nimeiona. Niliiona nikaipuuza, mimi ambaye riziki yangu ni miguu ya watu.

"Kahindi," nikasema nikiwa bado nimeinama, "siku ile nilipokuuliza, kwa nini hukunitazama?"

"Wewe ni mzee, na ulikuwa ukiniuliza neno. Kwetu mtu mzima akikuuliza neno humkodolei macho. Mama angenichapa hata leo."

Penseli ikasimama kwenye kidole gumba. Nikainua uso. Kwa kuwa mimi nilikuwa chini, na yeye kwa adabu yake alikuwa akitazama chini, macho yake yalikutana na yangu moja kwa moja. Yalikuwa safi, yametulia, macho ya mtu anayejua alipo.

"Sikuona kitu," nikamwambia. "Ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyekosa, Kahindi. Nisamehe."

Aliendelea kunitazama, na chozi lake la kwanza likanidondokea usoni, nikiwa pale pale miguuni pake.